Zege la nje limetitia: lirekebishwe au livunjwe?

Mvua za masika zikikolea, simu yangu huanza kuita kwa swali lile lile. "Fundi, kibaraza kimekaa chini. Nivunje au nipige lipu juu yaishe?" Hapa Mwanza, leo anauliza mtu wa Buhongwa, kesho wa Igoma, keshokutwa wa Nyegezi, na karibu wote wananitumia picha ya ufa. Picha ya ufa hainisaidii sana. Ninachotaka kujua ni kilichoko chini ya zege, na hicho kinajulikana kwa kupima, kugonga na kuchimba kidogo. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kabla hujamlipa fundi hata senti, na ndiyo nitakayokuonyesha hapa.

Nazungumzia zege la nje tu: njia inayozunguka nyumba, kibaraza, ngazi za mlangoni, sehemu ya kufulia, maegesho ya gari, na jukwaa la tangi la maji. Msingi wa nyumba ni habari nyingine. Ukiona ukuta umepasuka kwa mshazari kuanzia pembe za madirisha, au mlango uliokuwa unafungika vizuri sasa unagoma, usiendelee na mwongozo huu. Mtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, aje aione nyumba yenyewe.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Kinachotitia ni udongo, zege linaufuata tu. Na udongo hapa kwetu mara nyingi unaondolewa au unalainishwa na maji. Ukimwaga zege jipya bila kuyashughulikia maji, umenunua muda wa masika moja.

Andaa hivi kwanza

- Uzi wa fundi na misumari miwili
- Pima maji, na ubao ulionyooka wa mita 1
- Futi ya kupimia, penseli nene, chaki na daftari
- Nyundo, au mtaimbo
- Koleo na sururu
- Ndoo mbili za lita 20
- Viatu vya kufunika mguu. Ukifika kwenye kuvunja, ongeza miwani ya kukinga macho na glavu

Hatua ya 1: Hakikisha hujasimama juu ya shimo

Hii naiweka mbele ya zote kwa sababu shimo linaua. Viwanja vingi vya Mwanza vina choo cha shimo cha zamani kilichofukiwa, au karo la maji taka ambalo aliyelijenga alishahama. Uliza waliokaa hapo kabla yako. Uliza majirani wazee. Kama zege linatitia kwa umbo la duara au bakuli, au linatitia karibu na karo, ondoa watoto, zungushia kamba, na usigonge wala usipite juu yake. Mfuniko wa karo uliochakaa hautoi taarifa. Hapo mwite fundi wa makaro aanze kwa kulinyonya na kulikagua akiwa pembeni. Hatua nyingine zote zinasubiri.

Hatua ya 2: Tafuta maji yanatoka wapi

Ukiharakisha hatua hii, utarudi kwenye mwongozo huu mwakani.

Anza na paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100 ikipigwa na mvua ya milimita 30, ambayo hapa ni mvua ya saa chache tu, inamwaga lita 3,000. Kama una gata zenye mdomo mmoja, lita zote hizo zinaangukia kona moja. Kama huna gata, zinaanguka mstari mmoja kandokando ya zege lako na kula udongo wa ukingoni taratibu. Toka nje mvua ikinyesha. Chukua mwavuli, zunguka nyumba, tazama maji yanaangukia wapi, yanakimbilia wapi, na yanapotelea wapi. Mahali maji yanapotelea chini ya zege ndipo penye ugonjwa.

Kisha angalia mabomba. Jioni watu wote wakishalala, funga mabomba yote, hakikisha na tangi limejaa, halafu andika namba za mita hadi tarakimu ya mwisho. Asubuhi kabla mtu hajachota, soma tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna bomba linavuja, au choo cha ndani kinapitisha maji. Bomba likivuja kabla ya mita, toa taarifa MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Likivuja baada ya mita, ni lako.

Tatu, tangi. Lita 5,000 za maji ni tani 5. Nimeona matangi yamewekwa juu ya zege la unene wa sentimita 7 lililomwagwa kwa ajili ya watu kutembea. Lazima likae. Na tangi likifurika kila usiku kwa sababu boya lake limeharibika, uzito na maji vinafanya kazi pamoja.

Kama unaishi karibu kabisa na ufukwe, ongeza swali la nne: ziwa lenyewe. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita viwango vilivyozoeleka kwa miongo mingi, na nyumba za kandokando zilipata maji chini ya sakafu bila mvua yoyote kunyesha siku hiyo. Chimba kishimo cha sentimita 60 pembeni mwa zege, kifunike, kitazame kesho yake. Kikiwa na maji, udongo wako umeloa kutoka chini, na gata pekee hazitakuokoa. Kumbuka pia kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Usitumie hela nyingi kwenye zege la kudumu ndani ya eneo hilo kabla hujajua hali yako kisheria.

Hatua ya 3: Ujue udongo wako

Chota konzi moja ya udongo kutoka kwenye kishimo pembeni mwa zege, kina cha sentimita 30 au 40. Kwetu huku utakutana na mojawapo ya haya matatu.

*Luseni*, kama Wasukuma wanavyouita: mchanga unaotokana na mawe yetu ya matale, wa rangi ya kijivu au kahawia, haugandi mkononi. Unabeba vizuri ukiwa umeshikiliwa, lakini maji yanayokimbia yanauchukua kama sukari. Zege juu ya luseni hupata uvungu.

*Mbuga*: udongo mweusi wa mabondeni. Ukilowa unanata na kuvimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza vidole. Zege juu yake linapanda masika na kushuka kiangazi. Nilipoanza kazi hii niliweka tabaka la juu kwenye kibaraza kilichokaa juu ya mbuga. Kilionekana kizuri Juni. Kufikia Januari kilikuwa vipande, na nililipa mimi mwenyewe kukirudia. Juu ya mbuga usirekebishe juu juu.

*Kifusi cha kilimani*: hapa ndipo Mwanza inapotofautiana na miji mingi. Kiwanja cha mlimani, pale Bugando, Igogo, Mabatini, Isamilo, kwa kawaida kimekatwa upande wa juu na kujazwa upande wa chini, nyuma ya ukuta wa mawe. Kwa hiyo nusu ya zege lako imelala juu ya jabali lisilosogea, na nusu imelala juu ya kifusi kinachoendelea kukaa. Ufa unapita sawasawa pale jabali linapoishia. Ukiona ufa mmoja mrefu ulionyooka, upande mmoja umeshuka na mwingine haujagusika, hii ndiyo sababu. Kabla ya lolote, kakague ukuta wa mawe ulioshikilia kifusi. Ukiwa umetoka tumbo au umeinama, tatizo ni ukuta, na hilo linahitaji mhandisi.

Hatua ya 4: Gonga usikilize

Chukua nyundo au ncha ya mtaimbo. Gonga taratibu kila baada ya sentimita 30, ukienda kwa mistari. Zege lililokaa juu ya udongo linalia kavu na fupi: ko, ko. Penye uvungu linalia kama debe tupu. Kila penye mlio wa debe, weka alama ya chaki. Ukimaliza utakuwa umechora ramani ya uvungu wote, na mara nyingi ni mkubwa kuliko ufa ulivyokudanganya.

Mama mmoja wa Mkolani aliniita apigiwe niru kwenye kibaraza chake. Kilikuwa kimeshapigwa tabaka mbili na mafundi waliotangulia. "Fundi, mimi sitaki mambo makubwa, niru tu." Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza nigonge." Robo tatu ya kibaraza ililia debe. Nikatoboa tundu kwa tindo, nikaingiza mkono, ukazama hadi kwenye kiwiko bila kugusa udongo. Mdomo wa gata ulikuwa unamwagia pale pale kwenye kona. Wajukuu wake walikuwa wanachezea juu ya kile kibaraza kila jioni.

Hatua ya 5: Pima

Funga uzi kutoka ncha moja ya zege hadi nyingine, uulinganishe kwa pima maji. Pima umbali kutoka kwenye uzi hadi kwenye zege kila nusu mita, andika. Sasa unajua limeshuka wapi na kwa kiasi gani.

Halafu pima mteremko. Zege linalogusana na nyumba linapaswa kushuka sentimita 2 kwa kila mita, likienda mbali na ukuta. Weka kipande cha sentimita 2 chini ya ncha ya nje ya ubao wako wa mita 1, weka pima maji juu. Kipovu kikikaa katikati, mteremko ni sahihi. Kipovu kikikimbilia upande wa nje, mwinamo hautoshi au zege limelala kuelekea nyumbani, na kila mvua inanyweshea msingi wako. Hilo halivumiliki hata kama zege ni zima na zuri.

Pima pia ni sentimita ngapi zimebaki kutoka juu ya zege hadi kwenye DPC, ile nailoni ya ukutani inayozuia unyevu usipande. Zinatakiwa zibaki kama 15. Namba hii utaihitaji kwenye uamuzi.

Hatua ya 6: Weka alama, ngoja

Chora mstari wa penseli ukutani, sawasawa na uso wa zege, andika tarehe pembeni. Kwenye kila ufa chora vistari viwili, kimoja kila upande, pima umbali kati yake. Rudia kila wiki mbili.

Mvua ikipita na namba hazijabadilika, kutitia kumekoma. Zikibadilika, bado kunaendelea, na lolote utakalojenga juu litashuka nalo. Najua kungoja ni kugumu hasa kama wageni wa harusi wanakuja. Kama kuna ukingo unaokwaza watu, usage kwa grainda au uujazie mwinamo mdogo wa saruji kwa muda. Ukishatoa maji ya paa pale, mara nyingi kutitia kunatulia kwenyewe.

Hatua ya 7: Amua

*Liache* kama limeshuka chini ya sentimita 2, halisogei, halina uvungu, na maji yanaenda mbali na nyumba. Ziba nyufa ili maji yasiingie, basi. Watu wanavunja zege zima lenye afya kwa sababu ya aibu ya ufa.

*Lirekebishe* kama kutitia kumekoma, kipande bado ni kizima au kimepasuka vipande viwili vitatu vikubwa, hakipo juu ya mbuga, na chanzo cha maji umekipata na kukifunga.

*Livunje* likiwa na mojawapo ya haya: limekuwa vipande vidogo vinavyochezacheza ukikanyaga, linaelekeza maji ukutani na huna nafasi ya kuliinua bila kufunika DPC, limekaa juu ya mbuga, ni jembamba kuliko sentimita 7 na gari au tangi linakaa juu yake, au limeshatengenezwa mara mbili likarudi kule kule.

Likiwa kati na kati, uvungu ndio unaoamua kwangu. Uvungu ukizidi nusu ya eneo, navunja. Gharama ya kuujaza inakaribia gharama ya kumwaga upya, na kwa kumwaga upya najua kilichoko chini.

Hatua ya 8: Ukiamua kurekebisha

Kwa *vigae vikubwa vya zege au pevingi*: inua kwa mtaimbo, ondoa udongo laini, jaza moramu, shindilia, rudisha. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na ndiyo maana kwenye viwanja vya kifusi nawashauri watu waweke pevingi au mawe badala ya zege moja kubwa.

Kwa *uvungu chini ya kipande kizima*: toboa matundu ya upana wa sentimita 3 au 4 kila baada ya nusu mita. Ziba ukingo wa nje kwa udongo ili mchanganyiko usikimbie. Changanya saruji moja kwa mchanga laini tatu, ongeza maji hadi utiririke kama uji wa mtoto. Mimina tundu la chini kwanza, hadi uji uchungulie kwenye tundu linalofuata, kisha hamia hapo. Uelewe kwamba hii inalishika zege lisishuke zaidi, hailipandishi. Marekani na kwingineko wana pampu za kusukuma tope au povu chini ya zege hadi linyanyuke. Kazi ya nyumbani huku usiipange ukitegemea mashine hiyo.

Kwa *kurudisha mteremko juu ya zege lililotulia*: kwaruza uso wote kwa tindo hadi kokoto zionekane, osha, lowesha, paka uji mzito wa saruji, na kabla haujakauka mwaga zege la kokoto ndogo lisilopungua sentimita 5.

Angalizo: tabaka la sentimita 1 au 2 juu ya zege lisilokwaruzwa ni kubandika karatasi. Litabanduka. Na usipandishe hadi ukafunika DPC. Nimeona nyumba ambazo unyevu umepanda ukutani hadi kimo cha kiti kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 9: Ukiamua kuvunja

Hakikisha unajua bomba la maji na waya wa umeme vinapita wapi. Kata mstari kwa grainda kati ya zege na ukuta, ili nyundo isibomoe lipu ya nyumba. Vunja, na vile vipande vigonge hadi saizi ya ngumi, vitakusaidia chini.

Chimba hadi ufike udongo mgumu. Kwenye mbuga ondoa angalau sentimita 30 hadi 60 na ujaze moramu. Jaza kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka uinyunyizie maji kidogo na kuishindilia hadi kisigino kisiache alama. Hapa ndipo vibarua wanapochoka na kumwaga kifusi chote kwa mkupuo. Simama hapo hapo, usiende sokoni.

Weka kipande cha ubao laini au nailoni nene ukutani ili zege jipya lisishikane na nyumba. Vikishikana, zege likishuka tena litavuta lipu.

Unene ni sentimita 10 kwa watu, 15 na wavu wa nondo kwa gari. Wavu ukae katikati ya zege. Ukilala chini kabisa haufanyi kazi. Mchanganyiko: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ndoo 3 na nusu za mchanga, ndoo 7 za kokoto, maji lita 25 hivi. Mfuko mmoja unatoa kama mita ya mraba moja na nusu kwa unene wa sentimita 10, kwa hiyo njia ya mita 6 kwa mita 1 inahitaji mifuko 4. Gawa zege kwa viungo kila mita 2 na nusu hadi 3.

Funika kwa magunia na uyaloweshe siku 7, asubuhi, mchana na jioni. Gari lisubiri siku 28.

Angalizo: zege bichi linachoma ngozi. Usilikanyage peku, na likiingia machoni osha kwa maji mengi mara moja, uende hospitali.

Mambo yakienda kombo

*Nyufa nyembamba kama nywele siku ya pili.* Jua na upepo wa ziwa vimelikausha haraka. Si kutitia. Ongeza kumwagilia, na siku nyingine mwaga asubuhi sana au jioni.

*Uso unatoa vumbi jeupe ukifagia.* Maji yalizidi kwenye mchanganyiko. Zege la chini linaweza kuwa zima, uso ndio dhaifu.

*Tabaka jipya linalia debe.* Halikushikana na la zamani. Libandue sehemu hiyo, kwaruza, rudia. Kulijazia nyufa hakusaidii.

*Pengo kati ya zege na ukuta linapanuka.* Pima kwa mistari yako ya hatua ya 6. Kama zege ndilo linalosogea, rudi kwenye maji na kifusi. Kama mstari wa ukutani ndio ulioshuka kuliko kisiki au jabali la karibu, nyumba inasogea, mwite mhandisi.

*Limetitia tena kona ile ile.* Chimba pembeni mwa kona hiyo kina cha mkono. Mara nyingi utakuta mdomo wa gata ulirudishwa pale pale mafundi walipoondoka, au njia ya panya, au kichuguu cha zamani ambacho mchwa wamekihama na kuacha vyumba vitupu. Kichuguu kichimbwe chote hadi chini, na mdomo wa gata uongezewe bomba hadi mfereji, angalau mita 2 kutoka ukutani.